Soja wa Ruiru

Kwa nini mchezo uanze kupendwa Jumamosi ile ile ambayo wachezaji walianza kuushindwa? Mzee Gitau, mwajiri wangu wa kwanza, aliniuliza hivyo akiwa ameshika kopo la mafuta ya kupikia lililojaa vifuniko vya soda karibu hadi mdomoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya sosholojia, elimu ambayo kazi yake ni kueleza kwa nini watu wanafanya wanayoyafanya. Jibu nililompa halikuwa sahihi.

Ninyi mliobaki kazini hamhitaji makopo. Kila asubuhi mnafungua mchoro unaowaonyesha ni mchezo upi wa kuigiza unapanda kwenye meza zetu za mtandaoni na upi unazama, na unawaambia hata mchezaji aliondoka akiwa chumba gani. Siku ya kuniaga, mmoja wenu aliniomba niandike jinsi nilivyojifunza kuusoma. Sijui kuusoma. Ninachojua ni kuushuku, na nilianza kuushuku Thika, mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla haujakuwepo.

Ofisi ya Mzee Gitau ilikuwa juu ya duka la nyuzi na vifungo, karibu na pale barabara inapoteremka kuelekea Eneo la Viwanda. Juma zima tulipiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na katiba za vyama vya akina mama. Kabla ya kufungua ofisi Mzee alikuwa fundi wa simu, na fahari yake ilikuwa modemu mbili: moja Thika, nyingine katika tawi lake la Gitothua, kule Ruiru. Kwa vyombo hivyo kompyuta za ofisi zote mbili ziliongea kupitia laini ya simu. Siku za kazi zilitumiana hati za wateja. Jumamosi alasiri, wakati ambapo hakuna mtu mwenye haraka ya hati, Mzee aliwapa laini wachezaji.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha kando ya modemu, akanikataza kugusa kitu. Ilipiga namba, ikalia kama paka aliyebanwa na mlango, ikakoroma, ikanyamaza. Akairudisha mwanzo, ikalia tena.

"Sikiza mpaka uijue," akasema. "Ikikoroma vibaya hapo mwanzo, hiyo laini haitafika mbali."

Nilimuuliza kama kuna ushahidi. Akasema ushahidi ni yeye. Nilifuatilia kwa siri, nikakuta alikuwa sahihi mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Mchezo wenyewe, kwa yeyote kati yenu aliyeajiriwa juzi na bado anaogopa kuuliza, ni huu. Hakuna karata wala ubao. Kila mchezaji anachagua mtu wa kuwa: mwizi, daktari, binti mfalme. Msimulizi anawaambia wako wapi na wanaona nini, nao wanasema wanafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafaulu, dadu hutupwa. Kwetu sisi nusu ya wachezaji waliketi Thika, nusu Ruiru, na maneno yao yakasafiri kwa simu na kutokea kwenye skrini kwa herufi za kijani. Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi. Kule Ruiru alikuwepo Maina, kijana wa rika langu, mpole, mwenye vidole vya kasi na moyo wa kumpa kila mtu anachotaka.

Kilichonisumbua kwanza kilikuwa dadu. Ruiru walikuwa wakiandika kwamba wamepata sita. Kisha sita. Kisha, kwa unyenyekevu, tano. Nilimuuliza Mzee tunaaminije dadu tusiyoiona. Akasema kwa simu hatuamini kitu, tunaweka utaratibu. Basi nikaweka utaratibu: dadu zote zitupwe Thika, juu ya kifuniko cha sufuria ili kila mtu asikie zinavyoanguka, na dadu ya mtu wa Ruiru itupwe na yule wa Thika ambaye namba ikiwa kubwa itamuumiza. Malalamiko yalikwisha wiki hiyo hiyo. Utaratibu wa pili niliuweka kwa kiburi tu. Sikukubali dadu iamue kama mtu ameshawishika. Kuruka ukuta, tupa dadu. Kumbembeleza mtu, mbembeleze. Mtu akishawishika mwenyewe atasema.

Mchezo mkubwa wakati huo uliitwa Joka. Mwanafunzi mmoja aliyesoma ng'ambo alikuwa amemwachia Mzee kitabu chake, nakala ya nakala, na vijana wa mtaa wa Membley walifurika ofisi ya Ruiru kuucheza. Mimi sikuuweza. Kwa nini joka lilinde dhahabu lisiyoweza kuitumia? Linakula nini siku ambazo hakuna shujaa? Kijana mmoja aliandika kutoka Ruiru: "Madam, si uwache tuue kwanza ndio uulize?" Mzee alicheka hadi akakohoa. Akaniambia, "Muthoni, wewe maswali imekushika kama homa. Tengeneza yako basi."

Nikatengeneza Kiwanda. Jengo refu la kushona nguo, mlango mmoja wa nyuma, moto umeanza mbele, na mlinzi yuko nje na ufunguo. Watu wa Thika wako ndani. Mlinzi, au soja kama wafanyakazi wanavyomwita, anachezwa Ruiru. Mlinzi ameagizwa asifungue bila ruhusa, na anayetoa ruhusa hayupo. Basi. Hapakuwa na hazina. Nilitaka kuonyesha kwamba mchezo unaweza kuwa na akili, na sikujali sana kama ungependwa.

Haukupendwa. Kila ofisi ilikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia, kila mchezo na kopo lake, na mtu akimaliza soda yake alitupa kifuniko kwenye kopo la mchezo anaoutaka wiki ijayo. Hayo ndiyo yalikuwa mchoro wetu. Vijana wa Ruiru waligundua haraka kwamba vifuniko vinaokotwa bure nje ya baa, na kopo la Joka likawa na afya isiyo ya kawaida. Kopo la Kiwanda liliweza kutikiswa kama kayamba.

Wachezaji wangu walikuwa wanawake watatu wa kiwanda kimoja cha nguo, kule chini. Walikuja siku ya mvua kupigiwa chapa barua ya harambee, mvua ikakataa kuisha, wakaketi kucheza. Msemaji wao alikuwa Nekesa, mama wa makamo kutoka Bungoma, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokubali kudanganywa. Tatizo la mchezo lilionekana mara moja. Nekesa aliniambia nimwandikie mlinzi kwamba ni kijana mzuri na mama yake alimlea vyema. Maina akafungua mlango. Jumamosi iliyofuata mwingine akamwambia ana macho mazuri, ambayo hakuwahi kuyaona. Maina akafungua.

"Huyu si soja," Nekesa akasema. "Huyu ni pasta wa kanisa."

Kazini kwao utani huo ulienea. Walinihadithia kwamba wakati wa kutoka, wakipanga foleni langoni wapekuliwe, walikuwa wakicheka habari za soja wa kompyuta anayefungua mlango akiitwa mrembo. Nilikasirika kwa niaba ya mchezo wangu. Nilimpigia Maina simu nikamwambia akaze roho, mlinzi wa kweli hafungui kwa sababu ya macho. Akasema sawa, atajaribu.

Jumamosi iliyofuata mlinzi alikataa.

Walimwita kijana mzuri. Akaandika: "Mimi si kijana. Rudini kwa mashine." Wakamwambia kuna moto. Akaandika: "Kila mtu anayetaka kutoka mapema husema kuna moto." Wakamtukana, akarudia yale yale. Wakalia, akaandika kwamba moshi auone yeye kwanza. Niliwatupia dadu za moshi, mmoja baada ya mwingine, hadi watu wao wote wakalala sakafuni. Nilitegemea wataondoka na hasira. Walitupa vifuniko vyao katika kopo la Kiwanda, na wiki iliyofuata walirudi wakiwa wengi, wakaleta na vifuniko vya majirani.

Hapo ndipo Mzee aliponiuliza lile swali. Alikuwa na sababu. Laini ni moja, Jumamosi ni moja, na wenye Joka walikuwa wakinung'unika. Alitaka kujua kama hiki ni kitu cha kudumu au upepo. Nilimwambia labda watu wanapenda kinachowakataa. Akanitazama kama fundi anavyotazama waya uliofungwa na mtu mwingine. Moyoni nilijipongeza, si ndimi niliyemkaza Maina?

Lakini nilianza kuona mambo. Mchoro wangu wa jengo, ambao mwanzo ulikuwa mstatili mtupu, ulikuwa ukibadilika. Walisema mashine hazikai hivyo, nikazisogeza. Walisema marobota ya vitambaa huwekwa kwenye njia, nikayaweka. Walisema madirisha yana wavu wa chuma. Niliwaona kama wateja wasumbufu. Kisha Jumamosi moja Nekesa aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hii mlango inafunguka ndani, madam. Si nje. Watu wakisukumana haifunguki hata kama ufunguo uko."

Nilimwambia kwamba kiwanda nimekitunga mimi, na mlango wake utafunguka ninakotaka.

"Kiwanda ni yako," akasema. "Mlango ni yetu."

Niliuliza maswali yangu yote ya chuo kikuu, moja baada ya jingine, naye akayajibu bila haraka. Ndiyo, hufungwa kwa kufuli wakati wa shifti, kwa sababu ya wizi wa vitambaa. Ndiyo, ufunguo uko kwa soja, na soja hafungui bila supavaiza, na supavaiza hushinda upande ule mwingine wa uwanja. Ndiyo, mashine zilikuwa zikitoa cheche, na vumbi la pamba lilijaa hadi kwenye nyaya.

"Si mseme?"

"Tulisema. Yule mwenye alisema hayuko tena kazini."

Nikasema basi nitaandika mimi, kwa mkaguzi wa viwanda, kwa gazeti, kwa yeyote. Nekesa alitikisa kichwa. Wangeulizwa nani anakuja kwa ile ofisi ya kompyuta, na jibu lingepatikana kabla ya chai. Nikamuuliza sasa mchezo unasaidia nini. Aliangalia skrini, ambako mlinzi wa Ruiru alikuwa bado anasubiri neno letu.

"Siku hiyo ikifika, mtu wa kuongea na soja atakuwa mmoja wetu. Hatuna wakati wa kutafuta maneno siku hiyo. Wacha tuyatafute saa hii."

Tangu hapo sikuweza tena kuendesha Kiwanda kama mchezo. Kila nilipotupa dadu ya moshi, mkono ulikuwa mzito. Niliwaza kuwarahisishia, nimwambie Maina alegee, angalau wapate ushindi. Vijana wa Joka nao waliandika kutoka Ruiru kwamba soja huyu anaharibu mchezo, atupiwe dadu kama watu wengine. Mzee aliona ni wazo zuri. Nilikataa. Nilimwambia kwamba siku ya moto soja hatatupiwa dadu. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa nini niliweka ule utaratibu, ingawa niliuweka kabla ya kujua.

Kisha supavaiza akaja.

Sikumfahamu. Niliona tu mtu wa suti ya kahawia mlangoni, na Nekesa akilaza viganja vyake viwili juu ya meza polepole. Chumba kina namna yake ya kuwa baridi. Mtu yule alisalimu vizuri, akasema amesikia wafanyakazi wake wana mkutano hapa kila Jumamosi, na kwa kuwa yeye hupenda kujua mambo, amekuja kujua. Siku hizo neno mkutano halikuwa neno dogo.

Mzee Gitau aliinuka kwenye kiti chake, akanipita, akauweka mchoro wangu wa jengo chini ya makalio yake alipoketi mbele ya kompyuta. "Mkutano gani, bwana? Hawa wamama wanacheza na watoto wa Ruiru. Kuna joka. Karibu uone."

"Joka."

"Nyoka kubwa," akasema Nekesa. "Nimempiga mkuki lakini bado anapumua, bosi."

"Na mnamuua ya nini?"

"Zawadi."

Mmoja wa wenzake alitupa dadu kwenye kifuniko cha sufuria, ikaanguka kwa kelele, naye akasema kwa huzuni kwamba mkuki umevunjika. Karibu nicheke. Ruiru hawakujua lolote. Tulikuwa tumewaandikia ombi dakika chache nyuma, na sasa, huku supavaiza ameinama juu ya bega la Mzee, herufi za kijani zikaanza kutokea moja moja: "MLANGO BADO UMEFUNGWA. SIJAPATA RUHUSA."

Supavaiza alisoma kwa sauti. Akauliza ni nani huyo.

"Ndiye joka," Mzee akajibu. "Amejifungia kwa pango. Ni mjeuri sana."

Yule mtu aliisoma tena. Alisema, taratibu, kwamba joka hilo lina nidhamu kuliko watu anaowaajiri. Aliwaangalia wanawake mmoja mmoja kama anayekariri nyuso, akawatakia jioni njema, akashuka ngazi. Tuliusikia mlango wa chini ukifungwa.

Mzee alitoa mchoro chini yake, ukiwa umekunjamana, akanipa bila kunitazama. Alisema ana watoto shuleni na leseni ukutani. Jumamosi ijayo ingekuwa ya mwisho. Baada ya hapo laini ni ya Joka. Sikubishana. Nilianza kuunyoosha mchoro juu ya goti langu.

Jumamosi hiyo ya mwisho waliokuja walikuwa wachache, wengine waliogopa. Modemu ilikoroma vibaya. Mzee alinitupia jicho, nami nikajua kwamba hatuna muda mrefu. Hatukuanza hata na hadithi. Nekesa aliniambia nimwandikie soja kwamba wako mlangoni na moto umefika kwenye marobota.

Soja aliandika: "Nikifungua na kitambaa kikitoka, ni mimi nitafukuzwa. Wa kabla yangu alifungua. Nani alimtetea?"

Nilidhani Maina alikuwa ameokota kisa hicho kutoka katika wiki zilizopita. Lakini wanawake waliangaliana, na mmoja akageuza uso dirishani. Nekesa aliyatazama maneno yale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuyasoma.

"Mwandikie hakuna," akasema. "Mwandikie hakuna mtu alimtetea."

Nikaandika.

"Sasa mwandikie hivi. Tutatoka mikono mitupu. Mikoba yote tunaacha ndani. Tutaketi chini nje pale kwa mfereji wa maji, mbele yake, na hakuna mtu atainuka mpaka atupekue wote, mmoja mmoja. Hata moto ukiwa uongo. Hata supavaiza akipiga kelele."

"Na kitambulisho changu?" akauliza mwenzake. "Na ufunguo wa nyumba?"

"Viungue."

"Nekesa, kitambulisho."

"Wacha viungue, dada. Akiona mkoba mmoja tu, amekwisha yeye, na hatafungua tena."

Niliandika yote, bila kupunguza neno. Kisha tukasubiri. Mnajua namna skrini inavyokuwa mtu wa upande wa pili anapofikiri. Kialama cha mahali pa kuandikia kinapepesa tu, na hakuna wa kumuuliza. Mzee alikuwa ameinamisha sikio kwenye modemu. Nilitaka kuuliza kama laini bado ipo, lakini hata mimi nilikuwa nimeishiwa na maswali.

"Nafungua," soja akaandika. Kisha: "Mkae kwa mfereji kama mlivyosema."

Hawakushangilia. Nekesa alisukuma benchi kando, wakaenda wote kukaa sakafuni karibu na mlango wa ofisi, safu mbili, mikono juu ya magoti. Niliwaambia mchezo umekwisha, wameshinda. Alisema anajua, wanajaribu miguu. Walikaa hivyo kwa muda, wanawake wazima kwenye sakafu ya saruji, hakuna aliyetabasamu. Tulipogeuka, laini ilikuwa imekatika.

Jumatatu Mzee alimwaga vifuniko vya kopo la Kiwanda kwenye pipa la taka. Kopo lilikuwa limejaa kuliko wakati wowote; hata walioogopa kuja walikuwa wametuma vifuniko vyao. Kumbukeni hilo mnapoona mstari unapanda: mchezo wangu ulikufa siku ulipokuwa juu kabisa, na mtu ambaye angeona mchoro peke yake angenipa pongezi.

Moto ulikuja majuma kadhaa baadaye, siku ya kazi, watu wakiwa ndio kwanza wamemaliza chakula cha mchana. Niliuona moshi kutoka dirisha letu, mweusi, ukipanda moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na upepo. Nilikimbia. Sijui nilikimbilia nini. Nilikuwa nikihesabu njia niliyoichora mwenyewe, mashine, marobota, mlango unaofunguka ndani.

Langoni kulikuwa na umati. Nilipenya hadi kwenye uzio, nikaona mfereji, na mbele ya mfereji wanawake wameketi chini kwa safu, mikono juu ya magoti. Nyuma yao paa lilikuwa linaanza kuinama. Hakuna aliyekuwa na mkoba. Kando yao alisimama mzee mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe ya vito, ile ya kwendea msikitini, na koti la ulinzi, kufuli mkononi, akiwapekua mmoja mmoja, taratibu, kama jioni yoyote. Yule wa suti ya kahawia alifika mbio kutoka upande wa pili.

"Nani amefungua?"

"Mimi," mzee akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Yule mzee alimwonyesha kwa mkono safu za watu, na wanawake wote wakainua viganja vyao vitupu juu. Supavaiza alitembea katikati yao akitafuta. Hakupata hata uzi. Hapakuwa na mtu aliyebaki ndani, wala kitambaa kilichotoka nje, na mbele ya umati ule wote hakuwa na la kumwambia soja. Mzee yule alibaki na kazi yake. Jengo lilipojengwa upya, komeo liliwekwa upande wa ndani.

Alipokuwa akimalizia safu ya mwisho, mmoja wa wanawake aliniita "Madam!", na mlinzi akainua macho akaniona kwenye uzio. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia mfanyakazi mwenzake. Nilidhani kuna mtu nyuma yangu.

Nekesa nilimpata jioni, ananuka moshi, hana ufunguo wa nyumba. Aliniambia walikuwa wamejipanga kumwomba, kila mtu na neno lake, yeye wa kwanza. "Tulifika tukakuta iko wazi. Amesimama tu hapo, ameshika kufuli, anatuambia tukae kwa mfereji." Nilimuuliza kwa nini soja alifungua bila kuombwa. Akasema, "Madam, si kila kitu lazima uulize leo."

Sikuuliza siku hiyo, wala baadaye. Mtandao ulikuja, modemu zikaenda kwenye mizani ya vyuma chakavu, Mzee Gitau akastaafu, nami nikaendelea kuendesha meza kwa ajili ya watu wa nchi ambazo sijakanyaga. Nekesa alirudi Bungoma. Utaratibu wa kutotupa dadu mtu anapobembelezwa mmeurithi, na kila mwaka mmoja wenu huniletea pendekezo zuri sana la kuufuta. Mtafanya mtakavyo sasa.

Mwezi uliopita, aliposikia nimestaafu, Maina alinipigia simu. Ana duka lake Ruiru, na sauti yake bado ni ya kumpa kila mtu anachotaka. Nilimtania kwamba ukaidi wake uliokoa watu, na kwamba anapaswa kunishukuru kwa kumgombeza ile siku.

"Ukaidi wa nani?" akasema. "Muthoni, mimi nilikuwa nafungua. Wewe unanijua."

Kisha akaniambia. Jumamosi ile kopo lilipoanza kujaa, aliingia ofisini kwake mzee wa Gitothua, jirani yake, Mzee Rajabu, ambaye hakuwa na zamu Jumamosi. Aliuliza kama hapa ndipo alipo soja anayefungua mlango akiitwa mrembo. Alisema amewasikia akina mama wakimcheka soja huyo langoni pa kiwanda, yeye anapowapekua. Akasema hivyo sivyo soja alivyo. Akaomba kiti. Hakujua kupiga chapa. Alisema, na Maina akaandika, kila Jumamosi hadi ya mwisho, hata ile ambayo supavaiza alisimama Thika akiyasoma maneno ya mlinzi wake mwenyewe na kuyasifu. Alimwapisha Maina asimwambie mtu maadamu yeye yu hai, na Maina aliweka ahadi hadi walipomzika mwaka huu.

Mzee Rajabu alimweleza Maina kwamba siku ya moto alifungua aliponusa moshi tu, kwa sababu wale akina mama walikuwa wameshamwomba.